Tuko vikundi vitatu na hatuaminiani sana: daftari letu la mtandaoni linaweza kuwa salama?

Swali

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa muungano wa vikundi vitatu vya kuweka na kukopa mkoani Morogoro. Zamani kila kikundi kilikuwa na sanduku lake. Mwaka huu tumeanzisha mfuko mmoja wa mikopo mikubwa, na daftari la mfuko tumeliweka kwenye kompyuta. Kila kikundi kina yake, na zinatumiana kumbukumbu kwa intaneti. Sitakuficha, hatuaminiani sana. Miaka miwili iliyopita mweka hazina wa kikundi kimoja alibadilisha daftari, na ilituchukua miezi kugundua. Sasa tumekubaliana kwamba nakala zikitofautiana, mbili zinazofanana ndizo zitahesabika za kweli. Kijana anayetutengenezea kompyuta anasema hiyo inatosha. Mwingine anasema tuingie kwenye blokcheni, daftari la mtandaoni kama lile la sarafu ya kidijitali ya Bitcoin. Je, mtandao unaweza kuwa salama hali tunajua kabisa kwamba mmoja wetu anaweza asiwe mwaminifu?"

Jibu

Ndugu Katibu, kazi ni njema, na nakushukuru kwa kulisema jambo lenyewe bila kulizungusha. Wengi wanaoniandikia huuliza jinsi ya kumzuia mtu wa nje asiingie. Wewe unauliza kuhusu aliyekwisha kuingia, mwenye nenosiri halali na kiti chake mkutanoni. Huyo ni mgumu zaidi kumdhibiti, na watu wa fani yangu wamehangaika naye kwa zaidi ya miaka 40. Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Lakini kwa kanuni yenu ya "mbili zinazofanana" haiwezekani, kwa sababu kanuni hiyo inamkabidhi mwongo kura ya mwisho. Nitakuonyesha inavyotokea, ila kwanza turudi kwenye sanduku.

Kama vikundi vyenu vilifuata utaratibu unaofundishwa sehemu nyingi, sanduku lilikuwa na kufuli tatu. Funguo zilishikwa na wanachama watatu wasio viongozi, na sanduku lenyewe likalala nyumbani kwa mtu mwingine. Mwisho wa mkutano fedha zilihesabiwa mbele ya wote, kiasi kikatangazwa kwa sauti, na kila mtu akaombwa akikariri. Wiki iliyofuata, kabla ya shilingi moja kuguswa, mliulizana: tulifunga na kiasi gani? Kisha fedha zikahesabiwa upya, watu wakisikiliza kama namba inalingana na waliyoibeba kichwani.

Wapo wanaodhani utaratibu ule ni wa watu waliokosa kompyuta. Mimi nimeusoma mara nyingi nikiwa na vitabu vya fani yangu mkononi, na kila mara nakuta umebuniwa vizuri mno. Kufuli zinaonekana, kwa hiyo watu huzisifu kufuli. Nguvu kubwa iko kwenye lile tangazo. Watu wote walisikia namba moja, kwa wakati mmoja, kutoka mdomo mmoja. Mweka hazina hakuweza kuwaambia waliokaa kulia milioni nne na waliokaa kushoto milioni tatu na nusu, maana wote walikuwa wanamtazama. Mlipohamia kwenye kompyuta mlihamisha maandishi, lakini baraza mliliacha chini ya mwembe. Kwenye intaneti kila ujumbe huenda kwa mtu wake faraghani, na anayetuma anaweza kumwambia huyu hili na yule lile.

Sasa tuitazame ile kanuni. Nitaviita vikundi vyenu cha Sokoni, cha Mtoni na cha Stesheni. Tuseme wiki hii ni zamu ya Sokoni kutoa taarifa ya salio, na aliyeko Sokoni si mwaminifu. Anawatumia Mtoni 4,150,000. Anawatumia Stesheni 3,650,000. Mtoni, kwa kuwa ni waangalifu, wanawapigia Stesheni: "Sokoni wamewaambia shilingi ngapi?" Stesheni wanajibu kweli tupu: 3,650,000.

Jiweke kwenye kiti cha Mtoni. Una habari mbili zinazopingana. Ama Sokoni wamewaambia watu wawili mambo mawili, ama Sokoni ni wakweli na Stesheni ndio wanaokudanganya kuhusu walichoambiwa. Katika hali zote mbili, unachokiona wewe ni kilekile, mpaka senti ya mwisho. Hakuna swali la ziada utakalowauliza watu hao wawili likakutoa hapo. Na ile kanuni yenu? Nakala ya Mtoni inasema 4,150,000, ya Stesheni inasema 3,650,000, na ya tatu iko mikononi mwa Sokoni. Sokoni ataangalia upepo unavumia wapi, kisha aionyeshe nakala inayofanana na upande anaoutaka. "Mbili zinazofanana" zitapatikana, na aliyezichagua ni yeye.

Jambo hili lilithibitishwa kihesabu na Marshall Pease, Robert Shostak na Leslie Lamport, kwenye makala waliyoitoa mwaka 1980. Walikuwa katika taasisi ya utafiti ya SRI, California, wakishughulikia kompyuta za kuongozea ndege kwa ufadhili wa NASA, shirika la anga la Marekani. Ndege haiwezi kutegemea kompyuta moja, basi wakaweka kadhaa zikubaliane. Swali likawa: kompyuta moja ikiharibika vibaya, ikawa inaiambia kila jirani jambo tofauti, itakuwaje? Mwaka 1982 wakalisimulia upya kama hadithi ya majenerali wa Byzantium, dola ya kale, waliouzunguka mji, wanaowasiliana kwa wajumbe, na baadhi yao ni wasaliti. Ndiyo maana hadi leo kwenye fani yetu mwanachama anayeweza kufanya lolote, kudanganya, kunyamaza au kujigeuza, tunasema ana kosa la Kibizanti.

Walichokikuta ni hiki. Kumhimili mwongo mmoja kwa ujumbe wa kawaida usio na saini, unahitaji wanachama wanne. Waongo wawili, saba. Watatu, kumi. Kila mwongo anayeongezeka anadai watu watatu zaidi.

Ongeza kikundi cha nne, tukiite cha Shuleni, uone tofauti. Sokoni anawaambia Mtoni na Stesheni 4,150,000, anawaambia Shuleni 3,650,000. Hawa watatu wanaelezana walichosikia. Kila mmoja sasa ana namba tatu mbele yake: mbili za 4,150,000 na moja ya 3,650,000. Wote watatu wanafika pamoja kwenye 4,150,000. Sokoni akiwapa namba tatu tofauti, wote watatu wataona fujo ileile na wote wataikataa taarifa. Na ikiwa Sokoni ni mkweli ila Shuleni ndiye mwongo, Mtoni watasikia namba sahihi kutoka Sokoni na tena kutoka Stesheni, na uongo wa Shuleni utabaki peke yake. Angalia kwamba hakuna aliyehitaji kujua mwongo ni nani. Hilo ndilo ninalokuomba ulishike katika barua yangu yote: msihangaike kumtafuta mwaminifu wa kumkabidhi daftari. Amueni mnataka kuhimili waongo wangapi, kisha pangeni mambo ili neno la kila mtu liweze kuhakikiwa bila kumuuliza yeye aliyelisema.

Utaniambia, hatuna kikundi cha nne. Hapo saini za kidijitali zinasaidia sana. Kila kompyuta inatengeneza jozi ya funguo: wa siri unaobaki humohumo, na wa wazi mnaogawiana. Taarifa ikitiwa saini kwa ufunguo wa siri, yeyote mwenye ufunguo wa wazi anaweza kuhakiki nani aliisaini na kwamba haijaguswa tangu hapo. Rudi kwenye kisa chetu. Mtoni wanapowauliza Stesheni, Stesheni hawasimulii walichoambiwa, wanatuma ujumbe wenyewe wa Sokoni wenye saini. Mtoni sasa wana karatasi mbili, salio mbili, saini moja. Uongo umejigeuza ushahidi. Akina Lamport walionyesha kwamba kwa saini za namna hii watatu wanatosha kumhimili mmoja.

Lakini wanatosha kwa sharti moja, na kwa mazingira yetu sharti hilo ni zito: ujumbe lazima ufike ndani ya muda unaojulikana. Umeme wa Morogoro unaujua, na bando nalo huisha. Mtoni hawajajibu tangu asubuhi. Umeme umekatika, ama wamenyamaza makusudi? Ukiwa mbali huwezi kutofautisha. Mtandao wa aina hiyo, hata ukiwa na saini, unarudi kudai wanne kwa mwongo mmoja, na hesabu yake ni ya kitoto. Mko wanne, kazi isisimame kwa sababu ya mmoja aliyenyamaza, basi saini tatu ziwe zinatosha. Uamuzi mmoja una saini tatu, uamuzi mwingine unaopingana nao nao utahitaji tatu. Tatu na tatu ni sita, nanyi mko wanne tu, kwa hiyo angalau wawili wamesaini pande zote mbili. Mwongo ni mmoja. Basi angalau mkweli mmoja angekuwa amesaini mambo mawili yanayopingana, na mkweli hafanyi hivyo. Maamuzi mawili yanayogombana hayawezi kuzaliwa.

Kwa hiyo ushauri wangu una hatua mbili. Leo, mkiwa watatu, wekeni kanuni kwamba hakuna mstari unaoingia daftarini bila saini zote tatu. Ni kufuli tatu zilezile. Ubaya wake unaujua: ufunguo mmoja ukikosekana, sanduku halifunguki, na mtu mwenye hila anaweza kuwakwamisha kwa kukataa tu kusaini. Mimi bado naichagua. Mfuko wenu unakutana kwa wiki. Mkopo ukichelewa wiki moja mtu analalamika, mkopo ukitoka kwa salio la uongo mnavunja muungano. Baadaye tafuteni kompyuta ya nne ikae kwa mtu asiye na hisa kwenye mfuko, pengine kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akikubali, kisha hamieni kwenye kanuni ya saini tatu kati ya nne. Huyo wa nne haamui nani akope. Anashuhudia tu.

Kuna kitu kingine cha kurudisha kutoka kwenye sanduku: ile namba mliyoikariri. Kila ukurasa wa wiki ukikamilika, kompyuta inaweza kukokotoa alama yake ya kidole, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 kwa njia iitwayo SHA-256. Badilisha shilingi moja kwenye ukurasa, alama yote inageuka. Kisha alama ya wiki iliyopita iandikwe kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa wiki hii. Hapo kurasa zimeshonwa. Atakayetaka kugusa mwezi wa tatu itabidi afumue kila ukurasa uliofuata. Na alama ya ukurasa wa mwisho isomwe kwa sauti mkutanoni, herufi nne nne, mara 16, kila kikundi kikiandika kwenye daftari lake la karatasi. Ni dakika mbili au tatu za kuchosha, nakubali, lakini mmerudisha baraza: watu wote wamesikia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mbinu hii ya kushona kumbukumbu ilielezwa na Stuart Haber na Scott Stornetta mwaka 1991, na kampuni yao ilianza mwaka 1995 kuchapa alama kama hiyo kila wiki kwenye matangazo madogo ya gazeti la New York Times, ili hata wao wenyewe wasiweze kubadilisha ya nyuma. Gazeti lilikuwa mwembe wao.

Hapo nigusie blokcheni. Bitcoin, iliyoanza kutumika mwaka 2009, imeshona kurasa kwa namna hiyohiyo. Ila ilikuwa na tatizo ambalo ninyi hamna: mtu yeyote duniani anaweza kuingia, kwa jina lolote, mara mia akitaka. Kupiga kura kwa vichwa hakuna maana pale ambapo mtu mmoja anaweza kujitengenezea vichwa 100. John Douceur wa Microsoft aliandika kuhusu shambulio hilo mwaka 2002, na likaitwa shambulio la Sybil. Bitcoin hulikabili kwa kuhesabu nguvu ya kompyuta badala ya vichwa, na ndiyo maana inakula umeme mwingi kiasi kile. Ninyi mnafahamiana kwa sura, kwa ukoo na kwa nyumba. Kwa watu wanaojuana idadi yao, Miguel Castro na Barbara Liskov wa chuo cha MIT walionyesha mwaka 1999 kwamba makubaliano ya Kibizanti yanaweza kufanyika kwa haraka kwenye kompyuta za kawaida. Msinunue ulinzi wa tatizo la wengine.

Lakini usije ukadhani Sybil haiwahusu kabisa. Mwaka 2014 wasimamizi wa Tor, mtandao unaoficha utambulisho wa watumiaji kwa kupitisha data yao kwenye kompyuta za watu wa kujitolea, waligundua kundi la kompyuta kama 115 zilizojiunga tarehe 30 Januari. Ziliondolewa tarehe 4 Julai. Kwa miezi mitano zilikuwa wanachama wa kawaida, zikibeba kama 6.4% ya uwezo wa milango ya kuingilia, huku zikijaribu kuwafichua watumiaji. Majirani wema 115, nyuma yao mkono mmoja.

Na kwenu mkono huo unaweza kuwa wa nani? Hapa naomba usome polepole. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo, jina lake nalihifadhi, kilichojivunia nakala tatu za leja kwenye ofisi tatu. Mwanachama mmoja alilalamika kwamba marejesho yake hayaonekani. Kompyuta zote tatu ziliandika 80,000, na wote wakamwona mama wa watu ni mzushi. Tulikwenda kwenye kabati la stakabadhi. Nakala ya kaboni, ya bluu iliyofifia, ilikuwa na alama ya kalamu iliyokandamizwa upande wa kushoto: 380,000. Tulipofuatilia tukakuta kwamba nakala mbili zilikuwa zinajijaza zenyewe kila usiku kutoka kompyuta ya ofisi ya kwanza. Aliyebadilisha ile ya kwanza jioni, asubuhi alikuta zimekubaliana tatu. Yule mama alisimama pale kabatini akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, na mimi nikajifunza kwamba nakala tatu zinaweza kuwa na mdomo mmoja.

Sasa nikuulize: yule kijana anayewatengenezea kompyuta ana nenosiri la msimamizi kwenye zote tatu? Kama ndiyo, basi kihesabu hamko watatu. Mko mmoja, naye ni yeye. Simtuhumu, huenda ni kijana mwadilifu kuliko sisi sote. Hata hivyo akiibiwa simu aliyohifadhia maneno yake ya siri, mwizi atakuwa amepata vikundi vyote kwa mkupuo. Hesabu ya wanne na saba inasimama tu ikiwa kila mwanachama anaweza kuanguka peke yake bila kuwavuta wengine. Basi kila kikundi kiwe na nenosiri lake la msimamizi, ufunguo wa siri utengenezwe kwenye kompyuta ya kikundi mbele ya watu wake, na fundi akija kurekebisha mashine, mwanachama akae pembeni yake mpaka amalize. Kompyuta zikirekebishwa, zisirekebishwe zote siku moja. Funguo za wazi nazo msigawiane kwa WhatsApp kupitia yeye. Zisomeni ana kwa ana mkutanoni, mziandike.

Jambo jingine ni haki ya kusema. Si kila mwanachama anapaswa kuaminiwa kwa kila neno, hata akiwa na saini safi. Tarehe 24 Februari 2008 YouTube ilipotea duniani kwa takriban saa mbili. Pakistan Telecom walitaka kuifunga ndani ya nchi yao tu, wakatangaza kwenye ruta zao, vifaa vinavyoielekeza data njia ya kupita, kwamba njia ya kwenda kwenye baadhi ya anwani za YouTube ni kwao. Tangazo likavuja kwa kampuni inayowaunganisha na dunia, nayo ikalisambaza. Mitandao mingine ikaamini, kwa sababu kanuni ya njia za intaneti inapendelea tangazo linalotaja eneo dogo mahususi kuliko lile la eneo pana, na hakukuwa na mtu aliyeuliza kama Pakistan Telecom wana haki ya kuzisemea anwani hizo. Hakukuwa na mwizi. Lilikuwa kosa. Leo kuna hati za kidijitali zinazoonyesha mtandao upi umeruhusiwa kutangaza anwani zipi, na kwa bara letu zinapatikana kupitia AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, lililoko Mauritius. Ruta inayozikagua inaweza kulitupa tangazo la asiyehusika.

Wekeni hivyo kwenye daftari lenu: Sokoni waandike hisa na marejesho ya watu wa Sokoni, si ya watu wa Mtoni. Programu ikatae mstari unaovuka mpaka hata kama umeletwa na mwenyekiti. Na kisa hiki kina faida moja ya kibinadamu. Muundo unaohimili mwongo unahimili pia aliyekosea, aliyesinzia, na aliyeandika sifuri moja zaidi. Kwa hiyo unapoupendekeza mkutanoni huna haja ya kumtazama mtu yeyote usoni. Waambie ni kinga ya makosa. Utakuwa umesema kweli.

Ufunguo wa siri ukipotea itakuwaje? Msihifadhi nakala kwa mtu mmoja. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha jinsi ya kuigawa siri vipande, tuseme vitano, ambapo vitatu vyovyote vinairudisha na viwili havitoi hata fununu. Hata ufunguo mkuu unaolinda mfumo wa majina ya intaneti ya dunia nzima unatunzwa kwa moyo huo: kwenye kila moja ya vituo viwili nchini Marekani kuna watu saba kutoka nchi mbalimbali, na angalau watatu lazima wawepo ndipo ufunguo utumike. Ufunguo ukiibiwa, mkutano uufute kwa kauli, uandikwe kwenye ukurasa wa wiki ile, na wote wasaini.

Kuhusu ruta na Wi-Fi sina mengi. Zichukulieni kama barabara ya umma. Mtu kuwa kwenye Wi-Fi ya ofisi kusimpe ruhusa yoyote. Kila ujumbe ujitetee kwa saini yake.

Limebaki lile ambalo hakuna hesabu ya majenerali italifikia. Kompyuta nne zinaweza kukubaliana bila dosari kwamba mama fulani amelipa 50,000, na fedha hizo zisiwe zimegusa mfuko. Mtandao hulinda maneno baada ya kusemwa. Kama neno la kwanza lilikuwa la uongo, litalindwa kwa uaminifu mkubwa. Dawa ninayoijua ni kumfanya shahidi yule ambaye uongo utamuuma. Anayelipa apate SMS palepale yenye kiasi na salio lake, kama tulivyozoea kwenye fedha za simu, na ujumbe huo utumwe na kompyuta ya kikundi kingine, si cha yule aliyepokea fedha. Mwenye simu ya tochi anaweza kuusoma, au mjukuu wake amsomee. Msikose pia stakabadhi ya kaboni. Umeshaona kazi iliyofanywa na ile ya bluu.

Programu za kutia saini kama GnuPG ni za bure, na kijana wenu akijitahidi atazielewa. Kabla ya kuziamini, fanyeni zoezi. Mkutano ujao pigeni kura ya siri, mtu mmoja achaguliwe bila wengine kumjua, abadilishe kiasi cha 10,000 mahali popote anapoweza kufika. Wiki inayofuata kaeni mtafute. Mkiikuta, mwambieni aeleze mbele ya wote alipitia wapi na nini kilimkamata. Mkikosa kuikuta, msiendelee na mkopo wowote, na uniandikie tena ukiniambia njia aliyoipita, nami nitakujibu kuhusu njia hiyo peke yake.